Divai Kavu, Chai Kavu

"Iko kavu namna gani, na iko maji?"

Aliyeuliza ni mama wa bibi harusi. Chupa alikuwa nayo mkononi, ameiinamisha kidogo kuhakikisha kwamba kilichomo kinatikisika, na kweli kilitikisika. Mimi ndiye niliyemsomea lebo, nikatafsiri neno lililochapwa chini ya jina la shamba kama ambavyo kila kamusi ingeniruhusu: divai nyeupe, kavu. Ukalimani nimeufanya miaka mingi, lakini siku hiyo nilikosa la kusema.

Tulikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe. Mimi naishi mjini, Nsungwi, ndani ya Eria 25, na asubuhi ile nilikuja na chupa sita kwenye minibasi, kila moja nimeiviringisha kwa kipande cha chitenje. Nilizipakata njia nzima, kwa kuwa kondakta alitaka kuzitupa nyuma pamoja na magunia ya viazi. Ilibidi chupa ziwafuate waonjaji. Tangu Machi 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya, kwenda Lilongwe si safari ya kuamka tu na kuvaa viatu.

Kamati ya harusi ilikuwa na swali moja. Katika divai za bei ya mtu wa kawaida zinazouzwa Lilongwe, ipi iwekwe meza kuu? Wageni wengine ni Fanta na thobwa, hilo lilishapita. Waliagiza mbili zenye gesi, mbili nyeupe na mbili nyekundu, zionjwe na zipewe alama, kumi ikiwa ya juu kabisa. Mimi niliombwa kuchora jedwali na kuandika vichwa vya safu kwa Kiswahili, maana ndipo Mbembe, Mrundi, Mnyarwanda na Mluba wanapokutana. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Sasa hiyo kavu. Kwetu chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa: hakuna andazi, hakuna kiazi, kikombe kimekuja peke yake. Wali mkavu umekosa mchuzi. Mwenye macho makavu amekosa haya. Ukavu ukiingia kwenye chakula cha Mswahili ni upweke, kitu kimekuja bila mwenzake, na hakuna anayeusikia akafikiria sukari. Aliyeandika "divai kavu" mara ya kwanza alichukua neno la Mzungu akalivika kanzu bila kuuliza kama kanzu inalitosha.

Na huko lilikotoka neno lenyewe limevurugika vilevile. Kwenye chupa za divai zenye gesi za Ulaya, ile inayoitwa "brut", yaani ghafi, huwa na sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. Inayojitangaza kuwa kavu zaidi ina gramu 12 hadi 17, kwa hiyo ni tamu kuliko ghafi. Inayoitwa "sec", kavu tupu, huanzia 17 ikafika 32. Nusu kavu inapanda hadi 50, na hapo mtu anakaribia nusu ya sukari ya soda. Mnunuzi anayeamini maneno peke yake atarudi nyumbani na kinyume cha alichotumwa.

Dawa ya haraka ingekuwa kuandika "isiyo tamu". Lakini ukimwambia mtu wa Kiswahili kwamba kinywaji si kitamu, umeshakihukumu. Tamu yetu hubeba mizigo miwili kwa safari moja, sukari na raha. Supu ya makongoro ni tamu, usingizi ni mtamu, ugomvi wa jirani ukisimuliwa vizuri ni mtamu, na hamna hata chembe ya sukari. Nilikuwa nimeshaandika safu ya kwanza "Utamu", na karatasi ikazunguka. Ile nyekundu ya sukari nyingi, Four Cousins, ambayo kila duka la Lilongwe linayo, ilivuna tisa na kumi kabla haijafika kooni. Nyeupe iliyoitwa kavu ikaambulia mbili. Waonjaji hawakukosea. Niliwauliza kama ni tamu, wakanijibu nilichouliza. Alama zilikuwa zimeshatolewa na kichwa cha safu. Wao walizinakili tu.

Kichewa hakina shida hii. Jirani mmoja Mmalawi, anayeleta mboga kambini, alipita akakaribishwa kikombe cha ile nyeupe yenye mbili. Akanywa, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Wokoma!" Watu wawili mezani wakamtazama, wakidhani kuna kitu kimekoma. Kichewa kina kutsekemera kwa utamu wa sukari na kina kukoma kwa kitu kinachopendeza mdomoni, kiwe na sukari au kisiwe nayo. Kwetu kukoma ni kuacha, tena kuacha kwa kuumizwa. Na hapo tulipokaa neno hilo lina uzito wake: Dzaleka ni Kichewa, na kwa Kiswahili tungesema "nitakoma". Ndivyo palivyoitwa palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, miaka mingi kabla kambi haijafunguliwa mwaka 1994. Jirani alimaliza kikombe, akasema zikomo, akaenda na mboga zake.

Nilichana karatasi.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili si mgeni katika kazi hii. Tuna methali ambayo kila mtoto wa shule ameandikia insha: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumezoea kuifundisha kama onyo kwa wanaolewa sifa, tukasahau kwamba kwanza ni habari za soko la kinywaji. Yupo mzalishaji, yupo mnywaji anayetoa alama hadharani, na ipo bidhaa inayobadilika baada ya alama kutolewa. Mmarekani Robert Parker alianzisha jarida lake la divai mwaka 1978, akazoesha dunia mizani ya alama 50 hadi 100, na hoja za jinsi alama za mkosoaji zinavyobadilisha kinachotiwa chupani hazijaisha tangu siku hiyo. Wagema wa mwambao na wateja wao walishayamaliza maneno hayo kwa sentensi moja isiyozidi pumzi. Tazama pia ile -li- ya "hulitia". Tembo la kunywa ni tembo hili. Tembo wa porini ni tembo huyu. Sarufi imewatenganisha ili mlevi asije akatuambia amekunywa mnyama.

Na mwenye kulinywa tembo ana msamiati wake wa umri. Lipo tamu, lililoshuka asubuhi. Lipo kali, la jioni. Likipitiliza limechacha, na likiachwa zaidi ni siki, linaingia jikoni kwa heshima nyingine. Hapo pana maisha yote ya divai, na hakuna aliyehitaji kuita kitu chochote kikavu.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Iringa, na kwa bahati ninaishi mahali panapoitwa Mianzi, maana nsungwi kwa Kichewa ndiyo mianzi, ingawa siku hizi ninachokiona dirishani ni matofali na mabati. Kwetu mwanzi hugemwa. Wakati wa mvua chipukizi hukatwa ncha, mbeta hutegwa penye jeraha, na kesho yake umepata ulanzi. Ulio mpya, wenye sukari yake, ni mtogwa. Ukikaa, chachu ikala ile sukari, unakuwa mkangafu. Wapo wazee wasiougusa mtogwa. Wanasema ni wa watoto na wageni. Mkangafu si tusi, na wala si sifa. Unaeleza hali ya kinywaji na kilichokifikisha hapo, ambacho ndicho kilekile kinachotokea ndani ya pipa la divai: chachu imekula sukari hadi ikaisha. Neno hili nimelijua tangu utotoni, na bado nilipopewa lebo nilikimbilia kavu. Shule hutufanyia hivyo.

Basi kwenye karatasi mpya nikaandika MKANGAFU kwa herufi kubwa, nimejaa furaha. Mama wa bibi harusi akalisoma silabi kwa silabi, akauliza kama ni jina la mtu.

Nikaeleza. Mrundi aliyekaa karibu na mlango akanikata kauli kabla sijafika mbali: kwao kuna umutobe, maji matamu ya ndizi ambayo hata mtoto hunywa, halafu kuna urwarwa. Kijana wa Bukavu akasema kwao ni mutobe na kasiksi. Kila mtu pale alikuwa na jozi yake, kinywaji kabla ya chachu na kinywaji baada ya chachu, na hakuna jozi iliyofanana na ya mwenzake. Tulikubaliana safu iitwe "Sukari" na iandikwe nyingi, kidogo au imekwisha. Mkangafu wangu niliuandika pembeni kwa penseli, kwa ajili yangu.

Tulipofika kwenye nyekundu, maneno yaliadimika. Mmoja alisema inashika ulimi. Mwingine alisema inavuta mashavu ndani. Bwana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwa Wabelgiji alitoa neno la Kifaransa, akalirudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yetu. Kwenye kona alikaa mama mmoja wa Baraka, Fizi, Mwislamu, aliyekuja kusaidia kuchambua maharage na asiyegusa kileo. Hakuinua macho.

"Ukakasi," alisema. "Kama ndizi mbichi. Kama pera halijaiva."

Ndilo hilo hasa, na sijui lugha ngapi za jirani zetu zina neno lililotulia hivyo. Ukakasi haumo katika orodha ya tamu, chungu, chachu na chumvi, kwa sababu si ladha, ni mguso. Ganda la zabibu na mbegu zake hutoa kemikali iitwayo tanini, nayo hushikana na protini za mate, mdomo ukapoteza utelezi wake. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, ndiyo maana inakwaruza. Nyeupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, ikapona. Siku hizi ukakasi umehamia siasani: huko Tanzania mkataba wenye ukakasi ni ule ambao mtu anaumeza huku akiwa na mashaka. Ni maana nzuri, lakini naona huruma kwamba vijana wengi wanalijua la mikataba na hawalijui la ndizi.

Yule mama aliendelea kutusaidia mchana kutwa bila kuonja tone. Ndiye aliyetukumbusha tusiandike "Harufu", maana harufu ikitajwa peke yake mtu hukunja pua. Kiswahili kimeweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi: kinachonuka kikimbie, kinachonukia kisogelee. Irabu moja inatenganisha soksi na asumini. Safu ikawa "Inanukia nini?" na majibu yalikuwa bora kuliko chochote nilichowahi kusoma nyuma ya chupa. Ile nyeupe ilinukia embe bichi lililopakwa chumvi. Nyekundu moja ilinukia zambarau, nyingine udongo uliopata mvua ya kwanza. Mtu wa Lilongwe angesema bwemba na malambe pale ambapo wa pwani angesema ukwaju na ubuyu. Lebo zenyewe zilitaja matunda ya vichakani Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyatia mdomoni. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipochora gurudumu lake la harufu za divai mwaka 1984 alitaka jambo hilihili: acheni kusema divai ni ya kifahari au ya kiungwana, tajeni kitu ambacho mwenzenu anaweza kukinusa sokoni. Bahati mbaya soko lilikuwa la kwake.

Rangi zilipita haraka, ingawa zina hila zao. Divai nyeupe si nyeupe. Ni rangi ya majani makavu ya mpunga, na aliyesema inafanana na kitu kingine alinyamazishwa kwa sababu ya watoto. Nyekundu, kwa jicho la muuza vitambaa yeyote wa Dar es Salaam, ni damu ya mzee. Jina la rangi lina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux waliopewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalichagua kamusi, pua ikasoma ilichopewa. Nilikumbuka safu yangu ya "Utamu", nikaona nina wenzangu.

Zenye gesi hazikuhitaji mjadala. Kizibo kiligonga bati, watoto wa nyumba tatu wakaja, na kila mtu akasema shampanye. Wafaransa wanalilinda jina hilo kwa sheria, liwe la divai ya jimbo la Champagne peke yake. Ndiyo sababu Afrika Kusini, tangu 1992, huita Cap Classique zile zake zinazochachuka mara ya pili ndani ya chupa. Za bei yetu kwa kawaida hupuliziwa gesi kama soda, na pua inajua. Niliwahi kuona tafsiri ya "divai inayometameta", nikamwazia mtu anaitundika shingoni. Tuliandika "Yenye gesi", tukaenda mbele.

Chupa ya sita haikutoka dukani. Ilikuwa nyekundu ya Dodoma, niliyoletewa na dereva wa lori kupitia mpaka wa Kasumulu. Dodoma wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, na ardhi ile kavu (kavu ya kweli, ya vumbi) ikawajibu kwa mavuno mawili kwa mwaka. Msamiati wa huko unanifurahisha. Tunda lenyewe tunaliita zabibu, ingawa Mwarabu aliyetupa neno alimaanisha lililokaushwa. Sisi tumelirudishia maji. Na kinachokamuliwa, kabla hakijaingia chupani, wakulima wanakiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi! Nilipolitaja neno hilo mezani, mama wa bibi harusi alicheka hadi akakaa chini, halafu akaomba amiminiwe mchuzi.

Kuna waliosema divai siku ile na waliosema mvinyo, na hapo pana historia nyingine. Mvinyo hurejeshwa kwa Wareno, ukapewa m- ukaingia ngeli ya mti na mkate; Kichewa kiliupokea bila kofia, vinyo. Divai imetokana na Kifaransa cha mapadri, du vin, kibainishi na nomino vimemezwa pamoja; Kinyarwanda nacho kina divayi. Kwa sikio langu mvinyo unaweza kuwa kikali chochote cha chupa, lakini divai ina nta ya mshumaa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilichagua divai kwa harusi ya Kana, na pale pana mwonjaji wa kwanza tunayemjua wote: mkuu wa meza, aliyeonja bila kujua ilikotoka, akatoa alama ya juu kabisa, akalalamika kuhusu utaratibu wa kuhudumia. Kama tunatafuta neno la anayesimamia divai hotelini, limeshakaa kwenye maandiko yetu tangu zamani.

Jioni nyama ya mbuzi ililetwa, na ndakala, yaani dagaa, wa kukaanga. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Ile nyekundu ya Dodoma, iliyokuwa imepata nne kwa sababu ya ukakasi, ilinywewa tena juu ya kipande chenye mafuta. Nyuso zikalegea. Kijana wa Bukavu akadai nimebadilisha chupa. Nyeupe ya sukari iliyokwisha nayo ikapewa ndakala na tone la limau, ikapanda kutoka mbili hadi saba. Four Cousins ilibaki pale ilipokuwa. Nyama haikuihitaji, nayo haikuihitaji nyama.

Mama wa bibi harusi akaninyang'anya kalamu. Alikuwa ametafakari mchana kutwa lile swali lake, na alitaka safu moja zaidi, ya mwisho. Akaamuru kichwa chake kiandikwe kama anavyosema yeye: "Inakunywiwa kavu, ao na kitu?" Kisha akashuka orodha akijaza mwenyewe. Four Cousins: kavu, sawa. Yenye gesi ya kwanza: kavu, sawa. Ya pili: kavu, lakini baridi sana. Nyeupe: na ndakala. Akafika kwenye ya Dodoma, akaonja tena kidogo, akaandika: hapana kunywa kavu, na nane pembeni.

Nilipomkumbusha kwamba hiyo haiuzwi Lilongwe, aliniuliza dereva anarudi lini.